Barafu ya Julai na mkopo wa mbegu: kisa cha kikundi kimoja cha viazi

Usiku ule viazi viliungua. Ndivyo wanavyosema huku kwetu, kuungua, ingawa kilichoviunguza ni baridi.

Nilifika bondeni saa moja kasoro asubuhi. Nyasi za kwenye kingo za vinyungu zilikuwa nyeupe, ukizikanyaga zinalia kama chumvi ya mawe. Majani ya viazi yalikuwa bado ya kijani, yamesimama wima, magumu. Mgeni angesema yamenusurika. Jua lilipopanda, saa tatu hivi, yakaanza kulegea. Yakageuka meusi, yenye majimaji, kama kuna mtu amepita na sufuria akiyamwagia maji ya moto mmea kwa mmea. Mchana bonde zima lilinuka mboga iliyochacha. Mweka hazina wa kikundi alikuwa amekaa kwenye tuta, kanga kichwani, koti la mtumba juu yake, hasemi neno. Nilimwamkia, akaitika bila kugeuka.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko upande wa Njombe unakopanda kuelekea Makete, mahali ambapo mwezi wa saba mtu analala na soksi. Mimi ndiye bwana shamba wao, kwa hiyo msomaji asidhani nasimulia nikiwa nimekaa pembeni. Sehemu ya kosa ni yangu, na nitafika huko.

Kwa wasiojua vinyungu: ni mashamba ya bondeni, kwenye ardhi inayobaki na unyevu mvua zikishakatika. Nyanda za juu kusini tunapata mvua za msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa kaskazini na pwani. Msimu ukiisha, mlimani kunakauka, watu wanashuka bondeni kupanda mboga, mahindi ya kuchoma na viazi. Wazee wa hapa walikuwa na desturi ya kuvizia: wanapanda viazi vya kinyungu kwa hesabu kwamba vichipue Agosti, baridi ikishavunjika mgongo. Hakuna aliyewaandikia hesabu hiyo. Waliipata kwa kuunguliwa.

Kikundi hiki kiliiacha desturi hiyo baada ya semina. Mradi mmoja ulikuja, ukakaa siku mbili kwenye godauni la kikundi, ukafundisha kwamba dunia inapata joto, misimu inahama, na anayewahi sokoni anauza vizuri. Ukakopesha mbegu bora, marejesho baada ya mavuno. Watu wakashauriwa wapande katikati ya Mei ili Septemba wawe wa kwanza kufunga magunia. Mengi ya yaliyofundishwa yalikuwa sahihi. Mimi nilikuwa mkalimani wa kitaalamu, yaani nayageuza maneno ya makaratasi yawe maneno ya watu, na hapo ndipo nilipojifanya hodari. Mzee mmoja alipouliza, "Na barafu je?", nilimjibu kwa swali mbele ya wote: "Julai iliyopita, nani hapa aliona barafu shambani kwake? Anyooshe mkono." Hakuna mkono uliopanda. Nikasema, "Mnaona wenyewe." Watu wakacheka, mzee akakaa.

Mwaka uliofuata mimea ilikuwa imefika magotini, inaanza kutoa maua, usiku ule ulipoingia.

Mkutano uliitishwa Jumapili baada ya ibada. Agenda iliyoandikwa kwenye daftari ilikuwa "marejesho ya mkopo". Agenda yenyewe ilikuwa nyingine. Yule mzee ndiye aliyeanza, taratibu, baada ya salamu ndefu ya kamwene kwa kila pembe. "Bwana shamba, sisi hatuna shule. Lakini hili joto lenu, mbona limetuunguza kwa baridi?" Godauni likapasuka kwa kicheko ambacho hakikuwa cha furaha. Wakadakia wengine: elimu ilikuwa ya uongo, mkopo umejengwa juu ya uongo, basi haulipwi. Mama mmoja akasema hii tabianchi ni mradi wa watu kula posho. Sikumlaumu. Posho kweli zililiwa, na mimi nilisaini.

Akasimama kijana, amesoma Mbeya mjini, simu mkononi. Akasema hawaelewi, barafu yenyewe ndiyo mabadiliko ya tabianchi, zamani mambo hayakuwa hivi. Mzee akamgeukia. "Zamani hapakuwa na barafu? Mwanangu, ulizaliwa lini?" Akaanza kuhesabu: maji kwenye debe nje yalikuwa yanaganda, unayavunja kwa jiwe kabla ya kuyabandika jikoni, watoto walikwenda shule peku juu ya weupe. Kijana akajibu, "Basi hiyo ndiyo ilikuwa baridi, sasa imepungua, ndiyo joto lenyewe hilo!" Hapo mtu yeyote makini angeona kwamba kijana amesema mambo mawili yasiyokaa pamoja ndani ya dakika mbili: barafu imekuja kwa sababu ya tabianchi, na barafu imepungua kwa sababu ya tabianchi. Lakini hapakuwa na mtu makini. Tulikuwa watu wenye hasara.

Mkutano ulivunjika bila uamuzi. Nimeutafakari mara nyingi tangu siku ile, na nimefika mahali pa kuamini kwamba ugomvi ule ulikuwa na mashahidi wabovu pande zote.

Shahidi mbovu wa kwanza nilimleta mimi. Nilichukua Julai moja laini nikaifanya ithibitishe jambo la dunia nzima. Watu hawa ni waungwana: walinirudishia usiku mmoja mkali, kwa kanuni ileile niliyowafundisha. Kama Julai moja inatosha kuthibitisha, usiku mmoja unatosha kukanusha. Nisingeweza kuwaambia "hapana, usiku mmoja si ushahidi" huku ushahidi wangu ukiwa na ukubwa uleule.

Na si sisi tu wa vinyungu. Februari 2015 huko Marekani, seneta James Inhofe wa jimbo la Oklahoma aliingia ndani ya Seneti mjini Washington na donge la theluji kwenye mfuko wa plastiki, akalirusha, akitaka kuonyesha kwamba wanaosema 2014 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote waangalie nje kulivyo baridi. Nilipomsimulia mzee wetu kisa hicho baadaye, alimpenda sana yule seneta. Tofauti yao ni moja: mzee alikuwa na gunia kumi na mbili zilizopotea, seneta alikuwa na donge tu.

Lugha nayo ilituchezea. Kwa miaka mingi redio na magazeti yetu yalisema "mabadiliko ya hali ya hewa" kwa jambo ambalo siku hizi tunaliita mabadiliko ya tabianchi, na semina yetu ilitumia neno la zamani siku zote mbili. Sasa hali ya hewa ndiyo ileile inayosomwa baada ya taarifa ya habari: kesho Mbeya mawingu kiasi, Songea jua. Kubadilika ndiyo kazi yake. Ukimwambia mkulima kwamba hali ya hewa inabadilika, umemwambia kitu alichokijua akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Ukiongeza kwamba inabadilika kuelekea joto, asubuhi moja nyeupe inatosha kukutia hatiani. Neno tabianchi, ingawa lina harufu ya ofisi, lina faida ya kubeba tabia ndani yake. Na tabia ya mtu hakuna anayeisema kwa kumwona mara moja akiwa na hasira. Shirika la Hali ya Hewa Duniani huipima kwa wastani wa miaka 30, na kipindi kinacholinganishiwa sasa ni 1991 hadi 2020. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nao wakisema mvua za msimu zitakuwa chini ya wastani, wanamaanisha wastani wa miaka mingi, si mwaka jana.

Kwa vijana nilitumia mpira. Mbeya City iliposhuka daraja mwaka 2023, je, ilifungwa kila mechi? Wakasema hapana, kuna mechi ilishinda. Kwa hiyo aliyekwenda uwanjani siku ile waliyoshinda angeweza kurudi nyumbani akiapa kwamba timu haishuki? Hapo walielewa upesi. Mzee hakuelewa, kwa sababu mpira haumhusu, akaniambia mambo ya Mungu nisiyalinganishe na mambo ya Uwanja wa Sokoine.

Kuhusu dunia yenyewe, msimamo wa ligi unasomeka bila kuitazama Julai yetu. Muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la takribani nyuzi 1.1 zaidi ya lile la miaka ya 1850 hadi 1900. Mwaka 2024, wa joto kuliko yote iliyopimwa, ulizidi kwa nyuzi 1.55 hivi, lakini huo ni mwaka mmoja uliosukumwa pia na El Niño iliyotangulia, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, kwa hiyo mimi napendelea kuutaja ule muongo. Hewa ukaa ilipoanza kupimwa mfululizo mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420. Hayo hayabishaniwi kwa kuangalia nyasi za bondeni. Na kwa kweli hayakuwa swali la kikundi. Mweka hazina hakuwa amekaa kwenye tuta akiiwazia Hawaii. Alitaka kujua kwa nini bonde lake limeungua na shamba la shemeji yake mita mia mbili juu, kwenye mteremko, mbegu ileile, wiki ileile ya kupanda, limebaki kijani.

Swali hilo halikuulizwa mkutanini na mtu yeyote, nikiwemo mimi, na ndilo pekee lililokuwa na jibu ndani ya uwezo wetu.

Barafu ya shambani, ambayo vitabu huiita sakitu, ni habari ya usiku mmoja na umbo la ardhi. Usiku wa kipupwe anga likiwa wazi, hewa kavu na upepo umetulia, ardhi inatoa joto lake lote juu bila wingu la kulizuia. Hewa iliyogusana na ardhi inapoa, inakuwa nzito, na ikishakuwa nzito inateremka. Inateremka kama maji, polepole, inafuata mikondo, inajaa bondeni. Dunia inaweza kuwa imeongezeka joto kwa wastani na usiku kama huo ukaja vilevile. Utakuja mara chache zaidi, pengine, miaka inavyokwenda, lakini kiazi hakiungui kwa wastani.

Nilinunua vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja nikakifunga kwenye nguzo pale kwenye mteremko, kimo cha kifua, kivuli juu yake. Kingine nikakilaza kinyunguni, karibu na nyasi. Mjukuu wa yule mzee, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyevisoma alfajiri akienda kuchota maji. Asubuhi moja mwishoni mwa Julai, siku ambayo hakuna aliyeisifia kwa baridi, cha juu kilisoma nyuzi 6 na cha chini kilikuwa kimeshuka chini ya sifuri. Nilimpelekea mzee daftari. Akalitazama muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo redio ikisema 5, sisi huku chini tumeshakufa." Ndivyo hasa. Vituo vya hali ya hewa huweka kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe kimo kama kile cha kifua, hapo ndipo namba za redio zinapotoka, na jani la kiazi haliishi kifuani.

Kisha tukaenda kwenye mdomo wa bonde. Hapo pana ukanda wa misindano, imepandwa na mwalimu mstaafu anayeishi Makambako, ina miaka tisa au kumi, matawi yamefungamana mpaka chini. Miti ile haikuwepo wazee walipokuwa wanapanda zamani. Kama hewa baridi inateremka kama maji, basi mtu amejenga bwawa. Sisemi miti ndiyo sababu yote; bonde liliungua pia enzi za debe la kuvunjwa kwa jiwe. Ila weupe wa asubuhi ile, nilipouliza mwenye shamba mmoja baada ya mwingine, ulikuwa umeanzia palepale kwenye ukuta wa misindano ukapanda kurudi nyuma, kama maji yanavyojaa kuanzia kwenye tuta la bwawa. Vinyungu vitatu vya juu kabisa vilinusurika nusu.

Sasa nirudi kwa mzee, maana ndiye anayenishangaza mpaka leo. Mtu aliyeongoza kukanusha joto la dunia ndiye aliyekuwa na ushahidi wa maana kuliko wote mle ndani, ila hakuuita hivyo. Tukiwa tumekaa kwake jioni moja, ulanzi, pombe ya mianzi, mezani, alinieleza kwamba alipokuwa kijana mahindi ya huku juu yalikuwa hayakomai vizuri, yanabaki na maziwa mpaka watu wanachoka kusubiri. Leo kila mtu anavuna mahindi. Kwamba mbu alikuwa mnyama wa kusikia kwa waliotoka Usangu, tambarare ya joto huko chini, na leo wajukuu wanalala ndani ya chandarua. Nilimuuliza, "Mzee, na hiyo si joto?" Akasema, "Hiyo ni mbegu mpya na magari. Mbegu inakomaa mapema, mbu anapanda basi." Na ukweli ni kwamba hajakosea: mbegu fupi zimekuja, barabara zimekuja. Pengine kuna joto ndani yake, pengine sehemu tu. Aliuhoji ushahidi wake mwenyewe vizuri kuliko mimi nilivyouhoji wangu semina.

Kijana wa simu naye ana ugonjwa wa upande wa pili, na kwangu unaudhi zaidi kwa sababu anajiona amesoma. Kwake kila kitu ni tabianchi. Kijito cha kijiji kimepungua, tabianchi. Ukipanda nacho unakuta miti ya milingoti, yaani mikaratusi, imezunguka chemchemi na pampu mbili zinanyonya. Mfano mkubwa wa kosa hili uko chini ya milima hii: Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990 mwanzoni mto ule umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabaki kwenye madimbwi, na utafiti mwingi umeelekeza kidole kwenye maji yanayochepushwa huko Usangu kwa ajili ya mpunga. Ukiibebesha tabianchi mzigo wote, hakuna wa kumuuliza kuhusu mfereji. Watu wanaotuhumiwa kwa kuchepusha maji hupenda sana kusikia tabianchi ikitajwa.

Mkopo ulimalizwa hivi: mradi ulisogeza marejesho hadi baada ya mavuno ya msimu wa mvua, kikundi kikakubali kulipa, ila walinitaka nisimame niseme mbele yao kwamba swali la barafu lilikuwa swali halali na mimi nililizima kwa mzaha. Nilisimama nikasema. Ilikuwa dakika moja ndefu. Mzee alisema "yameisha", na yule mama wa posho akaniuliza kama nitarudisha yangu. Nilinunulia vipimajoto, nikamwambia. Hakuridhika sana.

Mwalimu mstaafu hatukumweleza habari za dunia kabisa. Mwenyekiti alimpigia simu, shikamoo mwalimu, akamwambia miti yake ina matawi mengi chini na mbao zitatoka na mafundo. Kikundi kiko tayari kumpogolea bure mpaka juu ya kichwa cha mtu, kuni zibaki kwa wapogoleaji. Alikubali kabla salio halijaisha. Tulifanya siku mbili, kinamama wakabeba kuni za mwezi mzima.

Julai iliyofuata hapakuwa na barafu. Kijana alitangaza kwamba tumeishinda kwa kupogolea. Mzee alisema ni mawingu tu. Waliponigeukia nikafungua daftari: wiki ile nzima ya baridi kulikuwa na mawingu na upepo. Nikasema sijui, na safari hii sikuulizia mikono. Mwaka huu ilikuja mara moja, mwishoni mwa Juni, ikashika vinyungu vitatu vya chini. Haikuwa na cha kuunguza, kwa sababu watu walikuwa wamerudi kwenye hesabu ya wazee na mbegu zilikuwa bado hazijapandwa, isipokuwa kwa mweka hazina, ambaye amekodi kipande kwa shemeji yake kule kwenye mteremko na aliwahi sokoni peke yake.

Asubuhi ile mzee alinikuta bondeni na mjukuu wake.

"Mmeandika?"

"Tumeandika, mzee."

"Ulisema hesabu ya tabianchi ni miaka mingapi?"

"Thelathini."

Akahesabu kwa vidole, akafika viwili, akacheka mpaka akakohoa. "Basi hilo daftari mwachie huyu mtoto."

Binti alikuwa amepiga magoti kinyunguni, anafuta kioo cha kipimajoto kwa pindo la sketi ili aone namba.